Kware watano na mtoto mwenye pumu: wakae ndani au nje?

*"Daktari, naishi Tabata, Dar es Salaam, nyumba ya kupanga yenye ua tunaoutumia familia tatu. Mdogo wangu kahamia Dodoma kikazi, kaniachia kware wake watano. Nimewaweka jikoni kwenye boksi la televisheni, juu nimefunika kwa wavu. Ni wiki ya tatu sasa: harufu haivumiliki, wawili wanapigana, mmoja karuka usiku akagonga kichwa hadi ngozi ikachanika, na kuna anayelia saa tisa usiku mpaka jirani kaanza kuninunia. Shemeji anasema kware ni ndege wa joto, nisiwatoe nje, tena niwawashie taa. Jirani anasema niwaachie tu uani watembee na kuku wake. Mwanangu wa miaka saba ana pumu, na wapo walioniambia nimpe mayai mabichi ya kware kila asubuhi, itaisha. Sitaki biashara. Nawapenda tu, na watoto wamewazoea. Niwafuge ndani au nje?"*

Watoe nje, tena wiki hii ukiweza. Kama kwako kusingekuwa na mtoto mwenye pumu ningekueleza faida na hasara za pande zote mbili, kisha nikakuachia uamue. Kwa hali uliyoieleza ndege hawa hawana nafasi ndani ya nyumba, na jikoni ndipo pabaya kuliko pote. Ila nje ninayoisema mimi siyo ile ya jirani yako. Nitaifikia.

Tuanze na harufu, maana ndiyo iliyobeba sehemu kubwa ya tatizo. Ndege hakojoi kama sisi. Mkojo wake hutoka pamoja na kinyesi. Ule weupe unaouona juu ya kinyesi ndio mkojo wenyewe, na umejaa asidi ya uriki. Ukikauka upesi haukusumbui. Ukipata unyevu, bakteria huivunja asidi hiyo ikatoka amonia, ile hewa inayochoma pua na macho. Boksi la karatasi linanyonya kila tone la maji wanalomwaga na halikauki, hasa kwa hewa ya Dar ilivyo. Kware watano wanaonekana kitu kidogo, lakini kila mmoja anakula gramu 20 hadi 25 za chakula kwa siku, na nyingi zinaishia kwenye sakafu ya boksi. Ukikaa jikoni dakika chache pua inazoea, unajiambia leo afadhali. Mwulize anayeingia kutoka nje.

Amonia huwasha njia za hewa za mtu yeyote, na za mwenye pumu ziko tayari kubana kwa sababu ndogo tu. Juu ya hiyo kuna vumbi la manyoya na la ngozi inayopukutika, ambalo kware hulirusha hewani kila anapojitikisa. Wapo watoto wenye pumu wanaoishi na ndege bila shida. Wako simjui, na mimi ni daktari wa mifugo, lakini sioni kwa nini jambo hilo lijaribiwe kwenye kifua chake. Akiwa amekohoa au kupiga miluzi kifuani zaidi ya kawaida katika wiki hizi tatu, mpeleke kwa daktari wake na umtajie hao ndege. Usisubiri kibanda kiishe kujengwa.

Hewa ya jikoni inawaumiza na kware wenyewe. Mapafu ya ndege yameunganishwa na vifuko vya hewa vilivyosambaa mwilini, na yanachota kilichomo hewani kwa ufanisi mkubwa kuliko yetu, kizuri na kibaya. Ndiyo maana moshi wa mkaa, dawa ya mbu ya kupuliza na mvuke wa kikaango kisichogandisha kilichosahaulika motoni kikiwa kitupu humwangusha ndege mdogo wakati mtu hata hajaona dalili.

Sasa hayo mayai mabichi. Mwishoni mwa 2013 na mwanzoni mwa 2014 Kenya ilikumbwa na wimbi la kufuga kware. Watu walichukua mikopo, wakajaza vizimba, yai likauzwa kwa bei ya dawa kwa sababu liliaminika kuwa ni dawa: ya kisukari, ya shinikizo la damu, ya pumu, ya kila kitu. Miezi michache baadaye bei ikaporomoka na wengi wakabaki na ndege wasio na mnunuzi. Maneno hayo hayo yalivuma na huku kwetu, na hayajaisha. Yai la kware ni chakula kizuri. Lina uzito wa gramu 10 hadi 12, kwa hiyo matano ni kama yai moja la kuku, na virutubisho vyake havitofautiani sana na vya yai hilo. Haliponyi pumu. Likiwa bichi linaweza kumpa mtoto salmonela, na kwa mtoto wa miaka saba huko si kuharisha kwa mchezo. Lichemshe dakika tano, ale kwa sababu ni tamu, na ile dawa yake ya kuvuta isikose mkobani.

Shemeji yako hakulitoa hewani lile la joto. Ni kweli kwa vifaranga. Kifaranga wa kware anapoanguliwa, siku ya 17 au ya 18, ni mdogo kama nyuki bungu, hana manyoya ya kumkinga, na wiki ya kwanza anahitaji nyuzi 35 hadi 37. Joto hilo hupunguzwa kidogo kidogo hadi anapofikia wiki ya tatu au ya nne na manyoya yamejaa. Baada ya hapo ni ndege mwingine kabisa. Kware mkubwa yu starehe kwenye nyuzi 18 hadi 25, na usiku wa Julai Tabata hauwezi kumdhuru akiwa mkavu na hapigwi na upepo moja kwa moja. Kinachomwua Dar ni Februari. Ndege hana tezi za jasho. Akizidiwa joto anafungua mdomo na kuhema ili maji yatoke na joto. Kuhema huko kunamwondolea kaboni dayoksaidi nyingi, kemia ya damu inabadilika, na kwa jike anayetaga utaliona kwenye yai: ganda jembamba, au yai lisilo na ganda kabisa. Msomaji wa Njombe au Mufindi anayenisoma hapa azibe upande wa upepo na aongeze maranda. Wewe fikiria kivuli.

Ushauri wa jirani nao una wema ndani yake, ila kware si kuku. Kuku hurudi bandani jioni. Kware hana kwao. Ukimfungulia ataingia kwenye majani, na akishtuka ataruka upande wowote, na hutamwona tena. Akibaki, paka wa mtaa watamwona kabla yako. Pia kuku wa uani wana magonjwa yao. Mdondo ndio unaojulikana zaidi, na kware anaweza kuubeba bila kuonyesha dalili kali kama za kuku, kwa hiyo hatari iko pande zote mbili: kuku kumwambukiza kware, na kware kumrudishia kuku ambaye hajachanjwa. Watenge kwa mita kadhaa, vyombo vya maji visichangiwe, na mwombe jirani achanje kuku wake kwa wakati.

Niseme kwa kirefu kuhusu yule aliyepasuka kichwa, kwa sababu hapo ndipo wajenzi wengi wa vibanda hukosea. Kware tunaofuga wana asili ya Asia ya Mashariki, na jamii hii ni ya wasafiri wanaohama kwa majira. Kutwa yuko chini, anapekua, anajificha. Akitishwa hakimbii kama kuku. Anachupa juu, wima, kwa nguvu zake zote, halafu ndipo anatafuta pa kuelekea. Porini juu hakuna kitu. Kwenye boksi lako juu kuna wavu, na kichwa ndicho kinachotangulia. Hufanya hivyo zaidi gizani, taa ya gari inapopita ukutani, panya anapokwaruza, mtu anapowasha swichi ghafla.

Kwa sababu hiyo urefu wa kibanda kwenda juu una kanuni yake: ama kiwe kifupi sana, ama kiwe kirefu sana. Sentimita 25 hadi 30 zinamnyima nafasi ya kushika kasi. Atagonga lakini hataumia. Mita mbili kwenda juu zinampa muda wa kupunguza kasi na kugeuka. Cha kati, cha sentimita 60 au mita moja, ambacho kwa jicho la binadamu ndicho kinachoonekana cha huruma, ndicho kinachochana vichwa. Boksi la televisheni liko hapo hapo. Chochote utakachojenga, tandaza chini ya dari yake wavu wa kivuli au gunia, lilegee kidogo, kichwa kikifika kikutane na kitu kinachobonyea.

Kwa watano, na kwa ua wa kuchangia, mimi ningekwenda na kile kifupi. Mwambie fundi urefu sentimita 120, upana 60, kwenda juu 30. Hiyo ni zaidi ya anachopewa kware wa biashara mara nyingi, lakini wewe hufanyi biashara, na kware wanaobanana hudonoana hadi damu. Miguu ya kibanda iwe na kimo cha mita moja hivi, kila mguu usimame ndani ya kopo lenye oili chafu, vinginevyo iko siku sisimizi watakuwahi. Mgongo na pande mbili ziwe mbao au plaiwudi. Mbele kuwe na wavu. Na wavu usiwe ule wa kuku wenye matundu ya pembe sita. Huo unamzuia kuku asitoke, haumzuii panya asiingie. Tafuta wavu wa chuma wa matundu ya nusu inchi au pungufu, ule ule unaotumika kwenye vichanja vya kuanikia kahawa. Panya akishindwa kupita atang'ata kidole cha mguu kilichoegemea wavuni usiku, kwa hiyo ubao wa sentimita kumi chini kwa mbele si urembo.

Na kuna kunguru. Waliletwa Zanzibar miaka ya 1890 wakasafishe takataka, na sasa Dar ni yao. Wana akili, wana subira, na wanakumbuka. Kunguru atasimama mbele ya wavu mpana, amtishe kware hadi akaribie, amvute kichwa. Mayai nayo hayaachi. Wavu wa matundu madogo unamaliza sehemu kubwa ya mchezo huo, pamoja na komeo la kuzungusha. Komeo la kuvuta tu nguchiro au paka mwerevu analifungua.

Sakafu usiifanye ya waya tupu. Miguu ya kware ni laini, na waya humletea vidonda vinavyovimba kwenye wayo na haviponi upesi. Weka ubao, juu yake maranda au pumba za mpunga, kina cha vidole vitatu. Toa palipolowa kila siku, badilisha yote kila wiki, na ile amonia haitapata pa kuzaliwa. Kona moja weka beseni la mchanga mkavu uliochekechwa. Watajimwaga humo kama watoto kwenye dimbwi, na kuna kazi inafanyika: mchanga hunyonya mafuta yaliyozidi kwenye manyoya na kuwapunguza utitiri na chawa. Ni tabia wasiyoweza kuiacha. Kware asiye na mchanga utamwona anajaribu kuogea chakula chake.

Paa la bati peke yake litawapika. Chini ya bati weka plaiwudi na uache upenyo wa hewa katikati, au juu yake tupa makuti. Kibanda kiegemee ukuta usiopigwa na jua la alasiri, paa lichomoze mbele ya kutosha kuzuia mvua ya masika inayokuja kwa mshazari. Maji yawe kivulini, ya kubadilisha mara mbili kwa siku wakati wa joto.

Kuhusu chakula nitakuwa mfupi. Kware anahitaji protini nyingi kuliko kuku wa mayai, asilimia 20 hivi kwa wakubwa. Chakula cha kuanzia cha kuku wa nyama kinakaribia hapo; kiwe kimesagwa vizuri, na majike yanayotaga uyawekee pembeni chombo cha magamba ya konokono wa pwani yaliyopondwa, wajichotee.

Sasa ugomvi na kelele za saa tisa usiku. Tazama vifua. Kwa kware wa rangi ya kawaida, dume ana kifua cha rangi ya kutu kisicho na madoa. Jike kifua chake ni cheupe kilichopauka chenye vidoti vyeusi. Nahisi utakuta madume wawili kati ya watano, na hesabu hiyo haikai. Dume mmoja anahitaji majike watatu hadi watano. Wakiwa wawili watapigana, na majike watabaki na visogo vitupu kwa kupandwa kupita kiasi. Anayelia ni dume. Wajapani walimfuga kwa karne kadhaa kwa ajili ya sauti hiyo kabla ya kuanza kumfuga kwa mayai mwanzoni mwa karne ya 20, na magharibi mwa Kenya wategaji humtundika dume kwenye kizimba juu ya mti mrefu ili awaite kware wa porini. Kwa maneno mengine, ana sauti ya kusafiri, na huwezi kumfundisha kunyamaza.

Mwondoe dume mmoja bila kusita. Ukiniuliza mimi, waondoe wote wawili. Majike hutaga bila dume, mayai hayatakuwa na mbegu tu, na nyumba ya familia tatu itapata usingizi. Mpe mfugaji mwenye majike wengi, au, nikisema kweli, mle. Nyama ya kware ni nzuri, na si ukatili kuliko kuwaacha wapigane kwenye kibanda. Najua watoto wamewazoea. Zungumza nao mapema. Kumfunika dume kwa blanketi nzito ili asilie usifanye, atakosa hewa.

Taa aliyoisema shemeji ni ya mayai, si ya joto. Kware hutaga kwa kufuata mwanga, na wafugaji wa biashara huwapa saa 14 hadi 16 kwa siku. Mchana wa Dar unacheza karibu na saa 12 mwaka mzima, kwa hiyo bila taa watataga kwa kusuasua na wakati mwingine wataacha. Kwa mtu asiyefanya biashara hilo ni jema. Jike anayesukumwa kutaga kila siku huchoka mapema, na yai kukwama ni moja ya mambo yanayomwua. Ukitaka mayai zaidi kidogo, balbu ndogo kutoka saa kumi na mbili jioni hadi saa mbili usiku inatosha. Usiiwashe alfajiri, na usiiache usiku kucha.

Na kama mwenye nyumba akikataa kibanda uani? Mwombe baraza, au ukuta wa nyuma. Wasomaji wanaoishi ghorofani wanaweza kutumia roshani yenye kivuli, ikiwa dirisha la chumba cha kulala halifungukii hapo. Ukikosa kote huko, warudishe kwa mdogo wako au uwape mtu mwenye nafasi. Ndani kabisa ningekubali kware kwa muda tu, mgonjwa au kifaranga, kwenye chumba chenye madirisha mawili, na si kwenye nyumba yako hii. Mtoto wako mkubwa au wewe ndio msafishe kibanda, pua na mdomo vimefunikwa, na mikono ioshwe kwa sabuni kila mara baada ya kuwashika. Huyo wa miaka saba awaangalie kutoka nje ya wavu na asishike maranda.

Jambo la kibali lisikupite. Kware wa porini ni mnyamapori chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya 2009, na kwa macho huwezi kumthibitishia mtu kwamba kware wako ametoka kwa mfugaji. Kenya, wakati wa wimbi lile, wafugaji walitakiwa wawe na kibali cha KWS, shirika la wanyamapori la huko. Mwulize mdogo wako aliwanunua wapi na kama ana karatasi yoyote, kisha upite ofisi ya halmashauri uulize utaratibu wa sasa.

Aliyepasuka kichwa mtenge leo, kwa sababu wenzake wakiona damu hawataacha kumdonoa. Osha kidonda kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, yenye chumvi kidogo, upake iodini iliyozimuliwa mara mbili kwa siku, umweke kwenye kizimba kifupi chenye giza kiasi. Ngozi ya kichwa cha kware hupona vizuri ajabu. Ila akipindisha shingo, akizunguka upande mmoja, akishindwa kusimama au akipitisha siku nzima bila kula, ubongo umeguswa. Mpeleke kwa daktari wa mifugo, usimtibu kwa kubahatisha. Mpeleke pia jike anayekaa amejikunja na kusukuma bila yai kutoka, na ndege yeyote mwenye mafua, macho yaliyovimba au kuharisha kwa majimaji. Wakifa wawili kwa mkupuo bila sababu inayoonekana, au ukisikia kuku wa jirani nao wanakufa, mjulishe ofisa mifugo wa kata siku hiyo hiyo. Mzoga ufunge kwenye mifuko miwili, uweke kwenye ndoo yenye barafu, usiutupe jalalani wala usiutie kwenye friji la chakula, na uende nao. Tukiupata ungali mbichi tunaweza kukuambia kilichowaua.